Milango ya Nyumba za Ibada katika Pwani ya Malabar

Tarehe 20 Mei mwaka 1498 merikebu za Wareno zilifika karibu na mji wa Kozhikode, katika pwani ya Malabar, upande wa kusini-magharibi wa Bara Hindi. Zilikuwa zimetoka Malindi siku 26 kabla yake, zikiongozwa na rubani waliyepewa na mfalme wa Malindi. Siku chache baadaye Vasco da Gama alishuka na watu wake kwenda kumwona mfalme wa nchi, aliyeitwa kwa cheo chake Zamorin. Njiani wakapelekwa katika nyumba kubwa ya mawe. Mle wakanyunyiziwa maji, wakaona sanamu ndani ya chumba chenye giza, nao wakapiga magoti wakasali, maana walidhani wamo kanisani. Hata picha za ukutani, zenye meno makubwa na mikono minne, walizidhania kuwa picha za watakatifu. Kumbe wamo ndani ya hekalu la Wahindu.

Watu huicheka habari hii, na kweli yachekesha. Walakini sisi twaona ndani yake jambo lingine, kubwa kuliko kichekesho. Watu wale walitoka mbali, dini yao haikujulikana. Nao walikaribishwa hata uani mwa hekalu. Na katika nchi hiyo hiyo walikuwako maelfu ya watu, wazaliwa wa pale pale, ambao hawakuruhusiwa hata kuikanyaga njia ipitayo kando ya ukuta wa hekalu. Mgeni alifunguliwa mlango, jirani akafungiwa. Basi tufuate pwani hiyo kutoka kaskazini kwenda kusini, tuzitazame nyumba zake za ibada zilizo za kale, na katika kila moja tutazame kwanza mlango wake.

Lakini kabla ya kuondoka Kozhikode, yafaa tujue ni kwa nini nyumba hizo hufanana. Pepo za kusi zikivuma, mvua nyingi sana hunyesha huko, kwa hiyo paa hujengwa zenye mwinamo mkali. Kuta nyingi ni za mawe mekundu ambayo hukatwa yakiwa laini, kisha hukauka kwa upepo yakawa magumu. Boriti ni za msaji, mti ule ule wa Malabar uliotumika kuundia majahazi. Mafundi waliojenga mahekalu ndio waliojenga na misikiti na makanisa, kwa kipimo kile kile na kwa mikono ile ile. Kwa sababu hiyo misikiti ya zamani ya pwani ile haina kuba, wala mingi haina minara. Na makanisa ya kale yana taa za mafuta na mlingoti wa bendera mbele, kama mahekalu. Mtu akitazama kwa mbali aweza kukosea kama walivyokosea Wareno.

Katika mtaa wa Kuttichira, kando ya birika kubwa, uko msikiti wa Mishkal. Ulijengwa katika karne ya 14 na tajiri mmoja, nahodha mwenye vyombo vilivyosafiri mpaka nchi za mbali, na jina lake ndilo jina la msikiti hata leo. Una ghorofa nne, na sehemu kubwa ni mbao. Mwezi wa Januari mwaka 1510 Wareno waliuvamia mji wakautia moto msikiti huo. Kwa miaka 12 tu walioomba katika hekalu la watu wakawa wachomaji wa msikiti wa watu. Baadaye, mwaka 1571, Zamorin, ambaye ni Mhindu, aliiteka ngome yao ya Chaliyam akishirikiana na raia zake Waislamu, akaivunja. Husimuliwa kwamba vitu vya ngome ile ndivyo vilivyotumika kuutengeneza msikiti. Alama za moto zingali zaonekana katika mbao za ghorofa za juu. Wenyewe hawakutaka kuzifuta.

Tukishuka kusini twafika Kodungallur, bandari ya zamani sana. Hapo pana msikiti uitwao kwa jina la mfalme Cheraman Perumal, na mapokeo ya wenyeji yasema ulijengwa mwaka 629. Wanahistoria wengi hawaukubali mwaka huo, maana majengo yanayoonekana ni ya baadaye sana. Lakini hakuna anayebisha kwamba mfalme wa Kihindu ndiye anayetajwa katika mapokeo kuwa asili ya msikiti. Ndani yake imetundikwa taa ya shaba, na mafuta yake huletwa hata na watu wasio Waislamu.

Kutoka hapo si mbali kufika Kochi. Katika mtaa wa Mattancherry liko sinagogi la Wayahudi lililojengwa mwaka 1568, na ukuta wake umepakana na hekalu la jumba la mfalme. Humo zimehifadhiwa bamba za shaba walizopewa Wayahudi karibu na mwaka 1000 na mfalme Bhaskara Ravi Varman, akimpa mkuu wao, Joseph Rabban, heshima na haki nyingi. Wakristo nao walipata hati kama hiyo mapema zaidi. Mwaka 849 liwali wa Kollam, mji ulio kusini ya hapo, aliandika juu ya bamba za shaba haki za kanisa lililojengwa huko na mtu aitwaye Mar Sapir Iso. Mashahidi wa hati hiyo walitia majina yao kwa maandishi ya Kiarabu, ya Kiajemi cha kale, na kwa herufi za Kiyahudi. Tuwazie siku ile: mtawala Mhindu akilipa kanisa kiwanja, na Waislamu na Wayahudi wakitia sahihi! Bamba hizo zatunzwa na makanisa ya nchi ile mpaka sasa.

Walakini mgeni akisha kupewa nyumba, naye huweza kujifunza kumfungia mwingine. Katika sinagogi lile wazao wa watumwa walioachwa huru, ijapokuwa walishika dini ile ile, waliketishwa mbali na wengine, wala hawakuitwa kuisoma Torati. Katika karne ya 20 wakili mmoja wa ukoo wao, Abraham Barak Salem, alishindana na desturi hiyo bila kuinua mkono, hata ikalegea. Baada ya mwaka 1948 Wayahudi wengi wa Kochi walihamia Israeli, na viti vilivyogombewa vikabaki vitupu.

Upande wa pili wa mji liko kanisa la Mtakatifu Fransisko. Kwanza lilikuwa la mbao, lililosimamishwa mwaka 1503. Likajengwa kwa mawe mwaka 1516. Vasco da Gama alifariki Kochi mwaka 1524 akazikwa humo, na baadaye mifupa yake ikachukuliwa kwao Ureno. Mahali pa kaburi paonyeshwa hata leo. Waholanzi walipouteka mji mwaka 1663, kanisa likawa la Waprotestanti. Waingereza walipokuja likawa lao. Na siku hizi ni la Kanisa la Kusini mwa India. Mwenye nguvu ndiye aliyeshika ufunguo, kila zamani na bwana wake.

Kutoka Kochi kwenda kusini njia yapita Udayamperoor. Mwaka 1599 Askofu Mkuu Aleixo de Menezes aliwakusanya hapo Wakristo wa kale wa Malabar, waliokuwa wakisali kwa Kisiria tangu karne nyingi kabla ya Wareno. Aliwalazimisha kufuata desturi za Roma, na vitabu vyao vingi vikatupwa motoni. Wakristo wale walivumilia kwa muda wa miaka 54. Hata mwaka 1653 walikusanyika Mattancherry, wakaapa mbele ya msalaba kwamba hawatawatii tena mapadre wale. Na kwa kuwa umati ulikuwa mkubwa, walifunga kamba msalabani wakazishika wote waliokuwa mbali. Basi hata ndugu wa imani moja walifungiana milango.

Sasa twafika Vaikom, penye hekalu kubwa la Shiva, na hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Watu wa matabaka ya chini, kama wagema na wakulima wa mpunga, hawakuruhusiwa kupita katika njia zinazolizunguka hekalu hilo. Mwislamu alipita. Mkristo alipita. Mhindu wa tabaka la chini, anayemwabudu yule yule aliyemo hekaluni, hakupita. Tarehe 30 Machi 1924 vijana watatu, kila mmoja wa tabaka lake, walitembea pamoja kuelekea njia iliyokatazwa, wakakamatwa. Kesho yake wakaja wengine. Mvua kubwa za mwaka huo zilipofurika, waliendelea kusimama katika maji mbele ya askari. Gandhi alifika mwezi wa Machi 1925, akaenda kusema na mkuu wa waliokataa. Mkuu huyo alimpokea nje, asiingie ndani, kwa kuwa Gandhi hakuwa Brahmani. Mwisho wa mwaka ule njia za pande tatu zilifunguliwa. Ya mashariki ikabaki imefungwa. Nyumba ya mkuu yule ingaliko. Leo ni ofisi ya chama cha wagema.

Mbele yake, huko Kottayam, uko msikiti wa Thazhathangady, wa mbao zilizochongwa kwa ustadi mkubwa, ukiwa kando ya mto. Mwaka 2016 wanawake waliruhusiwa, kwa siku chache zilizowekwa, kuingia kuutazama. Wengi walikuja, maana jengo walilolisikia maisha yao yote walikuwa hawajaliona ndani.

Hatimaye twafika Thiruvananthapuram, mji mkuu, penye hekalu la Padmanabhaswamy. Mnara wa lango lake una ghorofa saba. Kutoka mji huu, tarehe 12 Novemba 1936, mfalme Chithira Thirunal, kijana wa miaka 24, alitoa tangazo kwamba tangu siku ile Mhindu ye yote, wa tabaka lo lote, asizuiwe kuingia katika mahekalu ya serikali yake. Kochi na Malabar zilifuata baada ya miaka kumi na kitu. Wasio Wahindu hawaingii katika hekalu hilo mpaka leo. Mgeni husimama nje akaustaajabia mnara, na Wahindu wanaume huingia wamevaa shuka, vifua wazi.

Wala msomaji Mkristo asidhani kwamba dhambi hiyo ilikuwa ya Wahindu peke yao. Tukizidi kwenda kusini, ng'ambo ya milima, kiko kijiji cha Vadakkankulam. Kanisa lake la karne ya 19 lilijengwa kwa vyumba viwili virefu vinavyokutana madhabahuni tu, ili watu wa matabaka mawili wasali Misa moja bila kuonana. Ukuta wa kati ulibomolewa baadaye, lakini umbo la jengo labakia kuwa shahidi.

Basi msomaji, ukijaliwa kwenda Malabar, vua viatu vyako panapopasa kuvuliwa, ustaajabie mbao na mawe, maana wastahili. Kisha uulize mambo matatu: nani aliyetoa kiwanja, nani aliyechonga boriti, na nani aliyesimama nje. Wazee wetu husema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Huko Malabar mgeni alikuja tangu zamani za kale, akapewa kiwanja na hati ya shaba, lakini mwenyeji mnyonge alingoja mpaka mwaka 1936, wala hakupona kwa ajili ya mgeni, bali kwa sababu yeye mwenyewe alisimama njiani, majini, akakataa kurudi. Nasi tulio walimu, tukifika shuleni au katika nyumba zetu za ibada kesho asubuhi, tutazame mlangoni kabla ya kuingia, tuone ni nani aliyebaki nje.