UAMINIFU NDIO UNAOENEZA UJUZI: FUNZO LA WAKULIMA WA KILIMANJARO

Ndugu wakimbizi wenzetu na wafanyakazi wa mashirika,

Katika toleo hili la kumbukumbu ya kamati yetu, tutazame historia ya chama kimoja cha nchi hii iliyotupokea.

Mwishoni mwa karne ya 19, wamisionari walipanda kahawa huko Kilema, mkoani Kilimanjaro. Wachaga nao wakaanza kuipanda vihambani, chini ya migomba. Walowezi wa Kizungu walipinga. Walidai kwamba mwenyeji hawezi kuzuia wadudu na magonjwa, tena waliogopa kukosa vibarua.

Mwaka 1925 wakulima walijibu kwa kuunda chama chao, Joseph Merinyo akiwa rais. Kazi mojawapo kubwa ya chama ilikuwa kupambana na wadudu na magonjwa ya kahawa. Vihamba hupakana, hivyo mdudu wa jirani ni mdudu wako. Na jirani unayemfahamu humwonyesha mwenzake jinsi ya kupogoa na kunyunyiza dawa bila kudai malipo. Hivyo ujuzi ulisafiri kwa njia ya ujirani na ukoo.

Mwaka 1933 chama hicho kilirithiwa na KNCU, muungano wa vyama vya msingi. Lakini bei iliposhuka, na wakulima wakalazimika kuuza kwa chama peke yake, wengi walianza kushuku hesabu. Mwaka 1937 zilitokea ghasia, na maghala ya chama yakashambuliwa. Majengo yalikuwepo na wataalamu walikuwepo. Kilichopungua ni kuaminiana.

Ndugu wasomaji, jambo hili linatuhusu. Mkunga, mwalimu, fundi wa bomba la maji na mjumbe wa mgao, kila mmoja ana ujuzi usioandikwa popote. Siku akirudi nyumbani au akihamishiwa nchi nyingine, ataondoka nao. Semina peke yake haitoshi. Mtu hamfundishi yule anayehofia kwamba atamnyang'anya nafasi yake, wala haulizi mbele ya watu watakaomcheka.

Kwa hiyo tunapendekeza: hesabu zisomwe mkutanoni, kila kazi iwe na watu wawili, na mashirika yasibadilishe vikundi vilivyozoeana bila kushauriana navyo.

Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kamati ya Jamii