KIFAFA, SEHEMU YA 3: Walijuaje kinaanzia wapi kichwani?

Wodini bado naulizwa, "Nesi, mwanangu katupiwa nini?" Leo nawapa historia, jibu limo humo.

Ubongo hufanya kazi kwa umeme mdogo sana. Mwaka 1875 daktari Richard Caton wa Liverpool, Uingereza, aliupima kwa wanyama. Kwa binadamu ilikuwa 1924, mjini Jena, Ujerumani, kwa mkono wa daktari Hans Berger. Baadaye alimpima hata mwanawe Klaus, waya juu ya kichwa, bila kumpasua. Alipotangaza mwaka 1929, wengi hawakumwamini. Mwaka 1934 Adrian na Matthews wa Cambridge wakarudia kipimo, wakaona mawimbi yale yale. Ndiyo EEG ya leo, na haiumi.

Mwaka 1935, kule Boston, Frederic Gibbs, mkewe Erna na wenzao waliwapima wagonjwa wanaozubaa ghafla. Wakaona mawimbi yenye ncha, mara 3 kila sekunde. Jamani, mtoto anayekodoa macho darasani sekunde chache, ukimwita haitiki, kisha anaendelea kuandika, huenda si mvivu. Kabla ya fimbo, apimwe.

Kule Montreal, Kanada, daktari Wilder Penfield aliwapasua wagonjwa wakiwa macho, kwa ganzi ya kichwani tu, maana ubongo wenyewe hausikii maumivu. Aligusa hapa na pale kwa umeme kidogo. Mgonjwa akisema, "Hivi ndivyo kinavyonianza," basi wamekaribia chanzo. Mwenzake Herbert Jasper alikuwa akisoma mawimbi. Sehemu yenye hitilafu ikionekana na ikiwa salama kuigusa, iliondolewa.

Miaka ya 1950, Talairach na Bancaud wa hospitali ya Sainte-Anne, Paris, wakaenda ndani zaidi: elektrodi nyembamba ziliingizwa hadi kilindini. Walilinganisha mawimbi na kile mwili unachofanya, hatua kwa hatua. Swali lao kubwa: nini kilianza?

Na hapo ndipo wewe mama unapoingia. Daktari hakuwepo usiku ule, wewe ulikuwepo. Je, ulianza mkono wa kulia au wa kushoto? Macho yaligeukia wapi? Alisema anasikia harufu au anaona kitu? Kwanza mlaze ubavu, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, angalia saa. Ikipita dakika 5, kimbilia hospitali. Akiwepo mtu wa pili, arekodi kwa simu, kisha mpelekee daktari.

EEG ikitoka safi haina maana hana kifafa. Huenda umeme ulitulia wakati ule. Wala si kila mtoto anahitaji upasuaji, wengi hutulia kwa dawa zikinywewa kila siku bila kuruka.

Hakutupiwa kitu, mama. Ni umeme wa ubongo wake, na unapimika.

Sehemu ya 4: dawa, na kwa nini tusiziache ghafla.