Mkono wa Nani? Kazi ya Kikundi Kutoka Mfongo Hadi Mtandao

Sisi wanafunzi wa fasihi tumefundishwa kuuliza: anayesema katika matini hii ni nani? Ajabu ni kwamba swali hilo tunalisahau tukifika kwenye kazi zetu wenyewe za kikundi. Mmoja anakesha akiandika, asubuhi majina sita yanapangwa kwenye jalada, na alama zinagawiwa sawasawa. Wengine wanabebwa tu, jamani, na tunajuana. Siku hizi tunaambiwa kwamba dawa ni kufanyia kazi hizi mtandaoni, kwenye waraka mmoja ambao kila mtu anaufungua kutoka alipo. Hebu tulitazame jambo hili kihistoria, tukianzia Kilimanjaro.

Wachagga walichimba mifongo, yaani mifereji ya kuleta maji kutoka mitoni hadi kwenye migomba, tangu kabla ya ukoloni. Mfongo ulikuwa mali ya waliouchimba na vizazi vyao, lakini haukuwa wa yeyote apitaye. Siku ya kuusafisha ikifika, asiyetokea alitozwa faini au alinyimwa maji. Mwenye jembe alionekana, na mtegeaji naye alionekana. Kwa maneno mengine, ushirika ule ulikuwa na macho.

Katika uandishi macho hayo yalififia. Nathaniel Mtui, mwalimu wa Marangu, aliandika kwa mkono madaftari ya historia ya Wachagga mwanzoni mwa karne ya 20. Alimwandikia mmisionari Bruno Gutmann, na baadaye mtawala wa Kiingereza, Charles Dundas. Kitabu cha Dundas kuhusu Kilimanjaro kilitoka mwaka 1924, na kile kikubwa cha Gutmann kuhusu sheria za Wachagga mwaka 1926. Majaladani ni Dundas na Gutmann. Kathleen Stahl alipochapisha historia yake ya Wachagga mwaka 1964, aliyategemea sana madaftari ya Mtui na akasema hivyo waziwazi. Sisemi Mtui aliibiwa. Ninachosema ni kwamba msomaji wa kawaida, akishika kitabu chenye jina moja, hana njia ya kujua ni mikono mingapi imepita humo.

Hapa ndipo mtandao unapoleta jipya. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, ina ukurasa wa historia nyuma ya kila makala: nani kaongeza sentensi, nani kaifuta, saa ngapi. Mwaka 2009 Google iliendesha shindano la kuandika makala humo, na wanafunzi wa vyuo vya Tanzania na Kenya wakashiriki. Nyaraka za pamoja za Google, zilizoanza mwaka 2006, nazo hutunza matoleo ya nyuma. Kwa mhakiki hii ni neema. Wanaochunguza miswada ya utenzi wanahangaika kulinganisha nakala, sisi rasimu zote tunawekewa mezani.

Lakini tusishangilie mno. Historia ya waraka inahesabu vidole, haihesabu mawazo. Aliyetoa hoja nzito chini ya mwembe hatokei popote, na mwenye kompyuta na bando ndiye anayeonekana mwandishi wa yote. Huyo mwenye bando mara nyingi ni mtoto wa nani? Suala la tabaka limeingia hata humo!

Kwa maoni yangu, waliolikaribia jibu ni watu wa udaktari pale KCMC, Moshi. Kupitia mradi wa MEPI, ulioanza mwaka 2010, masomo yao yaliwekwa kwenye mfumo wa kompyuta, na chuo kikaingiza pia ufundishaji wa vikundi. Katika mbinu hiyo mwanafunzi hujibu maswali kwanza peke yake, halafu maswali yaleyale hujibiwa na kikundi baada ya kubishana, na alama zote mbili huhesabiwa. Wenzake nao humpima mchango wake. Asiyesoma anaumbuka mapema, kabla hajajificha nyuma ya wenzake. Ni mfongo uleule, ila safari hii jembe ni kalamu.

Idara zetu za fasihi zinaweza kujaribu hata muhula ujao. Kikundi kiwasilishe insha pamoja na historia ya rasimu zake, na kila mmoja aambatishe nusu ukurasa, ulioandikwa kwa mkono ikibidi, akieleza ni hoja ipi aliileta na ipi aliipinga. Mhadhiri asome vyote viwili kabla ya kutoa alama. Anayeona pendekezo hili halifai na ajibu katika toleo lijalo.