Sala Iliyojenga Kijiji: Habari za Masasi na Chitangali

Wako watu wadhanio ya kuwa Kanisa la kijijini lilijengwa na wageni peke yao, na ya kuwa wenyeji walilipokea tu, kama mtu apokeavyo nguo iliyokwisha shonwa. Habari za Masasi na Chitangali, katika nchi ya kusini, zatufundisha kwamba sivyo.

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Lakini biashara ile haikukoma siku moja, na manowari za Waingereza ziliendelea kukamata majahazi yaliyopakia watu kwa siri. Wengi waliookolewa walitiwa katika mikono ya Misheni ya U.M.C.A., wakakaa katika shamba la Mbweni. Wengine wao walikuwa Wayao, na Wamakua, na Wanyasa, nao walitamani kurudi bara.

Basi mwaka 1876 Askofu Edward Steere akawachukua watu zaidi ya hamsini, waume kwa wake, wakaenda Lindi, na kutoka huko wakashika njia ya bara. Nia yake ilikuwa kufika upande wa Ziwa Nyasa. Hata walipofika Masasi, penye majabali makubwa, wakaiona nchi kuwa njema, wakakaa papo hapo. Askofu akarudi Unguja, akamwacha W. P. Johnson pamoja nao, na baadaye akaja Chauncy Maples.

Tuwafikiri watu wale. Walikuwa wametekwa na kuuzwa, na kila mmoja alikuwa ametengwa na ukoo wake. Hawakuwa na babu mmoja, wala kabila moja, wala kaburi moja la kulilia. Ni nini kilichowafanya kuwa kijiji? Ilikuwa desturi ya misheni ile watu kukusanyika kusali asubuhi na jioni, na Askofu Steere alikuwa amezifasiri sala za Kanisa kwa Kiswahili. Myao na Mmakua, ambao kwao wangaliweza kuwa adui, walipiga magoti pamoja na kuitika kwa maneno mamoja. Wasio na ndugu walipata ndugu.

Lakini tusifiche upungufu wake. Pale Masasi wamisionari walikuwa wakuu wa Kanisa, na tena walikuwa waamuzi wa mashauri ya mji. Si ajabu majirani wakiuona mji ule kuwa ni wa Wazungu na watu wao, wala si mahali pao.

Mwaka 1882 ulikuwa mwaka wa msiba. Mwezi wa Agosti Askofu Steere alifariki Unguja. Mwezi wa Septemba Magwangwara, yaani Wangoni wa upande wa Songea, wakaushambulia mji wa Masasi, wakaua watu, wakachukua mateka. Watu waliokwisha kuonja utumwa mara moja wakafungwa mara ya pili! Padre Porter akasafiri mpaka nchi ya Magwangwara ili awakomboe, naye Maples akahamisha kazi yake Newala.

Aliyeona majivu yale angalisema kazi imekwisha. Kumbe mbegu ilikuwa ndani ya watu, wala si katika kuta. Mwaka 1886 Cecil Majaliwa, Myao aliyekuwa mtumwa utotoni, akasoma Kiungani na kisha Uingereza, alipelekwa Chitangali kwa Nakaam, mkubwa wa Wayao. Huyu hakujitengea mji kando. Alikaa kati ya wenyeji akasema nao kwa lugha yao, na mara nyingi hapakuwa na Mzungu karibu naye. Watu wakaja kufundishwa na kusali, na Nakaam mwenyewe akabatizwa, akaitwa Barnaba. Mwaka 1890 Majaliwa akapewa upadre, Mwafrika wa kwanza kuupata katika misheni ile. Alifanya kazi Chitangali hata mwaka 1897.

Masasi nayo iliinuka tena. Vita vilipotokea mwaka 1914, Wajerumani waliwatia kizuizini wamisionari Waingereza mpaka mwaka 1916. Wakati huo mapadre na walimu Waafrika ndio waliolilinda kundi. Na mwaka 1926 Masasi ikapewa askofu wake wa kwanza, Vincent Lucas.

Tujifunze nini, ndugu zangu? Masasi yatuonyesha ya kuwa sala ya pamoja huweza kuwafanya wageni kuwa ndugu. Chitangali yatuonyesha ya kuwa sala hiyo isizungushiwe ua, bali ikae katikati ya majirani. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kama kijijini kwetu twakusanyika siku ile tu padre ajapo, basi akiondoka tutabaki na nini? Na tukutane hata tukiwa wawili au watatu, kwa maana hao ndio Bwana aliowaahidi kuwa kati yao. Na yule jirani asiyewahi kuingia mlangoni mwetu, tumwendee kwake.