Ijumaa Kuu na Mpagazi wa Kirene

Wadachi huiita siku hii kwa neno la kale lenye maana ya maombolezo. Waingereza huiita njema. Sisi twasema Ijumaa Kuu, na Ijumaa lenyewe ni neno la Kiarabu, maana yake kukusanyika. Na kweli watu hukusanyika. Kutoka Upanga wengi hushuka mpaka ukingo wa bandari ya Dar es Salaam, yaliko makanisa mawili yaliyojengwa zama za Wadachi: la Mtakatifu Yosefu la Wakatoliki, na la Azania Front la Walutheri. Kwa Wakatoliki hakuna misa siku hiyo. Altare huachwa tupu, habari za mateso husomwa, watu huuheshimu msalaba.

Hufuatwa pia Njia ya Msalaba, yenye vituo 14. Nami napenda tusimame kidogo katika kituo cha tano. Hapo yumo Simoni wa Kirene, mji wa Afrika, katika nchi iitwayo leo Libya. Marko aeleza ya kuwa alikuwa akitoka shamba, akipita tu, askari wakamshurutisha auchukue mti ule. Wahubiri wengine humsifu kana kwamba alijitolea. Injili haisemi hivyo. Bwana wetu aliikubali njia ile. Simoni alikamatwa njiani.

Sasa, ukitoka bandarini ukapita Mnazi Mmoja, wafika Kariakoo. Jina hilo ni la Kiingereza lililolainishwa na vinywa vya watu: lilikuwa jina la Kikosi cha Wapagazi. Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916, wapagazi wao walipiga kambi pale. Wengi hawakuja kwa hiari. Walitolewa vijijini kwa amri, wakabebeshwa vyakula na risasi mpaka kusini. Wadachi nao walifanya vivyo hivyo. Maelfu kwa maelfu walikufa, zaidi kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa bunduki, wakazikwa kando ya njia pasipo alama. Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mjini mwaka 1927, yawakumbuka kwa maandishi, lakini mwenye umbo la shaba pale juu ni askari, si mpagazi.

Marko aliyaandika hata majina ya wana wa Simoni, Iskanda na Rufo. Yamkini wasomaji wake waliwajua. Katika kituo cha tano sala ni fupi. Watu hupiga magoti, huinuka, kisha huendelea kituo cha sita.