Isiolo: Mji Ukuao na Mto Upunguao

Ukisafiri kutoka Nairobi kwenda kaskazini, baada ya mwendo wa karibu kilomita 280 utateremka kutoka mabegani mwa Mlima Kenya, penye baridi na mashamba ya ngano, ukaingia katika nchi tambarare ya joto, migunga na vumbi. Hapo ndipo ulipo mji wa Isiolo. Sokoni mwake utawakuta Waborana, Wasomali, Wasamburu, Waturkana na Wameru, wakiuziana mifugo, maziwa ya ngamia, mboga na nguo. Umri wa mji huu si mkubwa, lakini habari zake zina fundisho ambalo miji mingi imelipata kwa gharama kubwa.

Siku moja mwanachuo wangu, mwenyeji wa Merti, aliniuliza kama mji waweza kukua bila ya kumnyima jirani yake maji. Merti iko mbali, chini ya mto Ewaso Ng'iro, na kijana yule hakuuliza kwa kutafuta alama za mtihani. Sikuwa na jibu la haraka. Nakuandikia insha hii ili tulitafute jibu pamoja katika mambo yaliyokwisha kutendeka.

Zamani za ukoloni, Isiolo ilikuwa mlango uliofungwa. Nchi yote iliyokuwa mbele yake iliitwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, na kwa sheria ya 1902 na nyingine zilizofuata, msafiri hakuweza kuingia wala kutoka bila ya kibali. Makao ya utawala yaliwekwa Isiolo, barabara ikatiwa kizuizi, na mifugo iliyotoka kaskazini ikawekwa karantini kabla ya kuuzwa. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Wasomali waliokuwa wametumika katika jeshi la Waingereza walipewa mahali pa kukaa hapo. Hata baada ya Uhuru wa 1963, barabara ya lami iliendelea kukomea Isiolo kwa zaidi ya miaka 40. Usidhani, msomaji, kwamba naisifu hali hiyo kwa kuwa haikukata miti mingi. Mahali pasipo barabara mgonjwa hufia njiani, na mfugaji huuza ng'ombe wake kwa bei ya kutupa. Kunyimwa njia ni dhuluma.

Mlango huo umefunguliwa katika siku zetu. Mwaka 2007 ilianza kazi ya kutia lami barabara ya kutoka Isiolo kwenda Moyale, mpakani mwa Ethiopia, safari ya karibu kilomita 500, na kazi hiyo ilichukua kiasi cha miaka kumi. Tarehe 2 Machi 2012, viongozi wa Kenya, Ethiopia na Sudan Kusini walikutana Lamu kuzindua mpango mkubwa wa bandari, barabara, reli na bomba la mafuta, uitwao LAPSSET. Na katika ramani ya mpango huo Isiolo ni njia panda. Mwaka 2017 ulifunguliwa uwanja wa ndege wa kimataifa, na kabla ya hapo ulikuwa umekwisha kutajwa mji wa mapumziko wa kupokea wageni. Basi mji uliokuwa mwisho wa njia umeambiwa kwamba utakuwa kitovu chake.

Neema hiyo ni kubwa, lakini neema nayo ina deni lake. Reli ya Uganda ilijengwa kutoka Mombasa tangu 1896 hata ikafika ziwani mwaka 1901. Ilizaa miji, Nairobi ukiwa mmoja wapo. Lakini injini zake zilikula kuni kwa miaka mingi, na misitu iliyokuwa karibu na njia ikaingia katika tanuri zake. Baadaye ilipandwa miti ya kigeni ili kuni zipatikane. Waliojenga walipima umbali, mteremko na gharama. Msitu haukuwekwa katika hesabu, na kitu kisichowekwa katika hesabu hulipwa na mtu mwingine.

Je, yawezekana kujenga kwa hesabu iliyo kamili zaidi? Hapana haja ya kwenda ng'ambo kutafuta mfano. Kaskazini mwa Mlima Kenya, si mbali na Isiolo, barabara kuu ya Nanyuki kwenda Meru ilikata njia ya kale ya ndovu washukao kutoka msitu wa mlimani kwenda msitu wa Ngare Ndare na nyika ya Lewa. Mashamba na nyua vilizidi kuiziba njia hiyo. Ndovu wakavunja nyua na kula mazao, na mkulima akawa adui wa mnyama. Ndipo wenye mashamba na wahifadhi walipokubaliana kuacha ukanda wa kama kilomita 14, na chini ya barabara likajengwa pito la ndovu, la kwanza la namna hiyo katika Afrika. Mwanzo wa 2011, ndovu dume aliyeitwa Tony alipita humo, na wengi wakamfuata. Leo magari hupita juu na ndovu hupita chini. Mwaka 2013 UNESCO iliiongeza Lewa na Ngare Ndare katika Urithi wa Dunia wa Mlima Kenya. Barabara haikuondolewa, iliulizwa tu swali ambalo ingalipaswa kuulizwa tangu mwanzo: nani alikuwa akipita hapa kabla yangu?

Ndovu ana nguvu ya kubomoa ua, kwa hiyo husikiwa. Mto hauna sauti ila pale unapokauka. Ewaso Ng'iro hupata maji yake katika Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, ukapita Archer's Post na Merti, ukapotelea katika kinamasi cha Lorian. Mashamba na miji ya juu imezidi kuchota, na katika miaka ya karibuni sehemu za chini zimekauka mara nyingi zaidi wakati wa kiangazi. Lilipotajwa bwawa la Crocodile Jaw, ambalo lingeupatia maji mji wa mapumziko, wenyeji wa chini walilipinga. Tangu 2013 watu wa bonde hilo wamefanya misafara ya ngamia, wakitembea kwa siku nyingi kando ya mto ili kuutetea. Hawakusema kwamba mji usijengwe. Walitaka nao waingie katika hesabu.

Sheria nayo iko upande wa swali lao. Sheria ya mazingira ya 1999 yaagiza kwamba kabla ya kazi kubwa kuanza, madhara yake yachunguzwe. Sheria ya Maji ya 2002 iliwapa watumiaji wa mto mmoja nafasi ya kuungana na kugawana maji kwa zamu. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 42, yampa kila mtu haki ya mazingira safi. Huko Lamu, mwanzo wa mpango ule ule wa LAPSSET, bandari ilijengwa pasipo wavuvi kushauriwa ipasavyo. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba haki zao zimevunjwa, ikaagiza walipwe shilingi bilioni 1.76. Lakini fedha haimrudishi samaki kwenye mwamba wake. Kuuliza mapema ni rahisi kuliko kulipa baadaye.

Pengine wewe utakuwa mhandisi, diwani, au mwenye duka Isiolo. Ukipima barabara, kumbuka laga: ni kavu miezi mingi, lakini mvua ikinyesha huidai njia yake. Ukijenga nyumba, vuna maji ya paa lako kabla ya kuyadai ya mto. Ukitupa taka, kumbuka kwamba mifugo hula mifuko ya plastiki ikafa. Kenya iliipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2017, lakini marufuku bila ya mkono wako ni karatasi tu.

Sasa naweza kumjibu mwanachuo wangu wa Merti. Naam, mji waweza kukua bila ya kumnyima jirani maji, ikiwa jirani huyo ataitwa siku ramani inapochorwa, wala si siku mto unapokauka. Wenzetu waliochimba pito la ndovu walikumbuka mpita njia asiyejua kusoma ramani. Hatuna udhuru wa kumsahau ajuaye kusoma, na ambaye keti yake darasani ni karibu nasi.