Kuku wa Kuumbi

Kabla hatujashuka, mwongoza wageni alituomba tupunguze sauti. Mtu alikuwa amemaliza dua muda si mrefu. Juu ya jiwe palikuwa na kitambaa chekundu, na chetezo bado kilifuka moshi.

Pango la Kuumbi liko nyuma ya kijiji cha Jambiani, kusini-mashariki mwa Unguja, katikati ya maweni yanayokata soli za viatu. Paa lake la mawe ya chokaa limeporomoka mahali, mwanga unaingia, mizizi inaning'inia. Wenzangu walipiga picha. Mimi nilikwenda kutafuta kuku.

Mwaka 2005 Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichimba humu, akaeleza kwamba alipata mifupa ya mifugo, kuku wakiwamo, katika matabaka ya maelfu ya miaka kabla ya Kristo. Kuku asili yake ni Asia. Kama alifika Kuumbi mapema hivyo, basi watu wa pwani yetu walikuwa wakivuka bahari na kufanya biashara zamani mno, bila kungoja mgeni wa kuwafungulia njia. Nilipenda hoja hiyo tangu mwaka wa kwanza. Sura ya pili ya tasnifu yangu ilisimama juu ya kuku huyo.

Mwaka 2012 timu nyingine ilirudi kuchimba, na matokeo yake yakachapishwa 2016. Katika matabaka hayo ya kale haikuona mfugo hata mmoja. Iliona mifupa ya nyati na pundamilia.

Pundamilia, Unguja! Watu walikuwa humu takribani miaka 20,000 iliyopita, bahari ikiwa chini ya ilivyo leo kwa zaidi ya mita 100, na Unguja ikiwa kipande cha bara. Maji yalipopanda, kisiwa kikajitenga, wanyama wakubwa wakatoweka, na pango likahamwa kwa maelfu ya miaka hadi watu wa Enzi ya Chuma walipolirudia. Mimi ni mzaliwa wa Bagamoyo. Kila nikishuka botini Malindi naitwa mtu wa Bara, kwa utani na wakati mwingine si kwa utani. Wawindaji wale wangeweza kuja kutoka kwetu kwa miguu.

Nilimuuliza mzee kama habari za pundamilia anazijua.

"Nilibeba ndoo za udongo hapa," akasema. "Mfupa niliushika kwa mkono wangu huu. Waliponambia ni wa pundamilia nilicheka."

"Na kuku, mzee?"

"Kuku tunawaleta sisi, mwanangu. Kwa ajili ya mzimu."

Akaendelea na wageni wake. Nilibaki karibu na chetezo nikijisikia mjinga kidogo. Nilichokuwa nikitetea muda wote ni fahari, na fahari niliitaka iwe na meli. Wawindaji wasio na jina wala bandari sikuwa nimewapa hata aya moja.

Msimamizi wangu anasubiri sura mpya mwisho wa mwezi. Kurasa kumi na moja za kuku nimezifuta. Inaanza na ndoo ya udongo, halafu pundamilia; baada yao kuna ile miaka elfu kadhaa ya pango tupu, na hapo ndipo nilipokwama.